Choo Bila Shimo

Choo changu cha kwanza katika shamba la kununua kilikuwa na kuta za nyasi, paa la nyasi, mlango wa mbao na kufuli. Kitu ambacho hakikuwa nacho ni shimo. Ukiingia ndani ungekuta udongo umefagiliwa vizuri na kuku wangu mmoja akilalia mayai. Nilikijenga kwa siku mbili, na wanaume wazima walitoka upande wa pili wa shamba kuja kukitazama na kunipa mkono. Waliniita injinia. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na nilipenda kusifiwa kama vile mbuzi anapenda chumvi.

Shamba lenyewe tuliliita Kwa Kofia, kwa sababu mzungu aliyekuwa mwenyewe hakuna mtu aliwahi kuona kichwa chake. Ukitoka mjini Eldoret, ukivuka Kiplombe unatembea tena mpaka miguu ianze kukulaumu, hapo umefika. Mwaka wa 1968 Kofia aliuza akarudi kwao, na sisi watu sitini na wawili, wengi wetu kutoka Nyeri na Murang'a, tukanunua kwa kampuni. Kila memba alikuwa na sheya yake, yaani hisa. Lakini sheya ni karatasi, haipandwi viazi. Vipande vya shamba vilingoja mpima, na mpima alikuwa anangojwa na nchi nzima. Siku atakapokuja na kupima, tutapiga kura: nambari zitiwe kwa debe, kila memba atie mkono, atoe yake, aende akaone kama amepewa bonde au mwamba.

Mpaka siku hiyo tulikaa kama watu wa safari. Wengine walilala katika nyumba za wafanyakazi wa Kofia, wengine stoo ya mbolea. Mimi na mume wangu Gerishon tulipewa kona ya banda la kukamulia, mahali pa ng'ombe watatu. Gerishon alisema tusione haya, maana angalau walikuwa ng'ombe wa gredi.

Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Mzee Gathogo, mtu mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Yeye ndiye alileta sheria ya shimo. Mwaka wa kwanza, memba mmoja anaitwa Gichuru alipanda miwati kando ya bwawa, na baada ya miezi mitatu akasema pale ni pake, miti imeshamzoea. Kuona hivyo, mwingine akachimba kisima chini ya ile miti na kusema pale ni pake zaidi. Panga zikatoka, na mtu akapoteza vidole viwili. Basi Mzee Gathogo akaita mkutano. Mpaka kura ipigwe, hakuna kupanda mti, hakuna kujenga kwa mawe, hakuna kuchimba shimo linalopita goti.

"Anayechimba anajipimia," alisema. "Na anayejipimia, jina lake tutalikata kwa kitabu."

Tulipiga makofi, wote. Hakuna mtu alitushikia bunduki.

Mimi nilikuwa na sababu ya kupiga makofi kuliko wengine. Mwaka wa 1969 mti wa saiprasi ulimwangukia Gerishon wakikata mbao, na hakuamka. Sheya ikabaki na jina la maiti. Ndugu yake Johnstone, ambaye hakuwahi kukanyaga Eldoret, akaandika barua kutoka Nyeri akiuliza kamati kwa nini mjane mwenye msichana mmoja tu anakalia sheya ya ukoo. Kamati ikajibu kwamba jambo hilo litatazamwa siku ya kura, ikiwa mama huyo hatakuwa amevunja sheria yoyote. Nilisomewa hiyo barua mara mbili, pole pole, ili niielewe. Niliielewa. Msichana huyo mmoja tu aliitwa Mwihaki, alikuwa na miaka mitano, na ile karatasi ndiyo ilikuwa kila kitu ambacho ningemwachia duniani.

Sasa nije kwa Bwana Afya.

Jina lake Wilson Kipngetich, kijana wa upande wa Soy, mwenye nguo ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mistari ya suruali ingeweza kukata mkate. Wazee waliofanya kazi kwa wazungu walituambia kwamba zamani Bwana Afya alikuwa anakuja na askari, na kinyesi kikionekana nyuma ya nyumba, mfanyakazi analipa faini na mzungu anaombwa msamaha kwa usumbufu. Uhuru ulipokuja, kaunti ikawa ya wananchi. Ikawa na zahanati zake, na lori la dawa ya mbu, na Kipngetich juu ya baiskeli mpya na kitabu cha sheria ndogo ndogo mfukoni. Halafu mwaka wa 1970 ulipoanza, Nairobi ikachukua zahanati, shule na barabara kutoka kwa kaunti zote. Yeye mwenyewe ndiye alinieleza.

"Mama, nililala mtu wa kaunti nikaamka mtu wa Nairobi," alisema. "Lakini baiskeli hawakuihamisha. Ilibaki kaunti."

Basi alikuwa anatembea kwa miguu. Mjini walikuwa bado na watu wao wa kanju, baraza la mji, na maji ya mfereji yaliyotiwa dawa, na lori la kubeba ndoo za choo, lakini mji ulikwisha kwenye kigingi cheupe, na sisi tulikuwa mbali sana nyuma ya kigingi.

Alikuja mwezi wa tatu, mwaka wa 1971, saa za asubuhi. Nilikuwa naanika maharagwe.

"Hodi, mama."

"Karibu, Bwana Afya. Leo umekuja kuona choo au kuona mjane?"

"Choo. Mjane nimeshamwona."

"Basi choo ni kile pale." Nikamwonyesha kichaka chote kutoka bandani mpaka bwawani.

Hakucheka. Alikaa juu ya debe, akavua kiatu, akamwaga changarawe. Soksi yake ilikuwa imetoboka kwa kisigino, nikaona aibu kuiangalia.

"Mama Mwihaki," alisema, "kuna ugonjwa umeingia nchi. Kipindupindu. Mtu anaharisha maji kama yale ya kuosha mchele. Asubuhi yuko shambani, jioni anafungwa kwa blanketi. Unatoka kwa kinyesi unaingia kwa maji. Na nyinyi mnajisaidia juu ya bwawa halafu mnakunywa bwawa."

"Tunachemsha."

"Mnachemsha ya chai."

Hapo alinishika. Nikaendelea kugeuza maharagwe.

"Mwambie Mzee Gathogo," nikasema.

"Natoka kwake. Amesema nirudi baada ya kura."

"Na kura ni lini?"

"Amesema baada ya mpima."

"Na mpima?"

"Wewe ndiwe memba, mama. Niambie wewe."

Mwihaki alikuwa karibu na mlango wa banda anaosha mtoto wake wa gunzi la mahindi, anamsugua masikio na kumgombeza. Kipngetich alimtazama, halafu akanitazama.

"Chimba wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu mmoja tu akianza, wengine watafuata. Nitakusaidia mimi mwenyewe. Jembe unalo."

Jembe nilikuwa nalo. Lilikuwa limesimama pale nyuma yake, la Gerishon, mpini wake laini. Nilifikiria futi kumi na mbili za shimo la choo, nikafikiria kitabu cha Mzee Gathogo, nikafikiria Johnstone akishuka kwa basi na sanduku lake. Jina likikatwa, huyu wa gunzi atakula nini? Hivyo ndivyo nilijiuliza, na hata sasa sioni kwamba lilikuwa swali la kijinga. Basi nikafanya ile kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote kila nikiogopa. Nikachekesha.

"Bwana Afya, nikichimba futi kumi na mbili nitatokea Uingereza. Nikusalimie Kofia?"

Akavaa kiatu chake. Akasema atarudi baada ya wiki tatu kuhesabu vyoo, shamba kwa shamba, na shamba lisilo na vyoo ataliandika, na walioandikwa huenda wakaitwa kortini.

Hiyo korti ndiyo iliamsha kamati. Shamba likiwa na kesi, wengine walisema, mpima hatakuja kabisa. Mkutano ukaitwa chini ya paa la stoo. Wanaume walibishana kutwa. Gichuru alisema Kipngetich ni mtu wa hapa, na mtu wa hapa akija kupima mashimo kwetu ana lake jambo. Mzee Gathogo alimwambia anyamaze, huyo kijana anafanya kazi yake. Lakini sheria ya shimo hakuilegeza. Aliuliza, tukimruhusu mmoja achimbe, ni nani atamzuia wa pili kuchimba mahali pazuri zaidi?

Wanawake tulikuwa tumekaa nyuma. Nikainua mkono.

"Sheria ya Bwana Afya inasema kila boma liwe na choo," nikasema. "Sheria ya kamati inasema pasiwe na shimo. Sioni hawa wawili wanagombania nini. Tujenge vyoo, tusichimbe."

Kwanza waligeuka kunitazama. Halafu Gichuru akaanza kucheka, na kicheko kikaenda nyuma mpaka kwa akina mama wazee. Mzee Gathogo, ambaye alikuwa hajui uongo, alifikiria kwa muda mrefu sana akiangalia viatu vyake. Mwishowe akasema kwamba ikiwa nyumba imejengwa kweli na kwa bidii, kuiita choo labda si uongo, ni matumaini. Ikapita bila kupingwa.

Mngeona ile wiki! Vyoo sitini na viwili vikaota kama uyoga. Gichuru aliweka dirisha. Mama mmoja alikandika nje kwa udongo mwekundu na kuchora maua. Mimi, kwa vile fikira ilikuwa yangu, nilijenga cha kwanza na nikanunua kufuli. Watu walicheka tena, tangu Gerishon afe sikuwa nimesikia shamba lile likicheka hivyo, na mimi ndiye nilikuwa katikati. Na jina langu lilikuwa salama kwa kitabu. Haja zetu tukaendelea kuzipeleka kule kule kichakani.

Kipngetich akarudi siku aliyosema. Alikuwa na kamba ndefu yenye jiwe upande mmoja, ya kupimia kina. Alienda boma kwa boma na kila choo kilikuwa kimefungwa. Mwenye ufunguo wa kwanza ameenda sokoni Soy. Wa pili pia Soy. Wa tatu, Soy. Siku hiyo soko la Soy lingekuwa limejaa watu wa Kwa Kofia wakinunua sijui nini. Watoto na wazee walimfuata nyuma, wakiumwa mbavu kwa kuzuia kicheko. Alipofika kwangu alikuwa amechoka.

"Fungua, mama."

"Choo cha mjane, Bwana Afya? Mwanamume akionekana akiingia, nitakuwa nimeolewa kabla ya chakula cha mchana. Umekuja na mbuzi wa mahari?"

Watu wakaangua. Yeye alisimama na kamba yake mkononi. Wakati huo huo kuku wangu, Mungu amsamehe, alitaga yai mle ndani na kuanza kupiga kelele za furaha.

Kila mtu alisikia. Kicheko kilikatika. Kipngetich aliangalia mlango, akaangalia kufuli, halafu akaniangalia mimi kwa muda kidogo.

"Hata kuku wako ana choo," alisema.

Akafungua kitabu chake na kuandika, tena akaniomba nimshikie wino. Kwa Kofia: maboma sitini na mawili, vyoo sitini na viwili. Akatia sahihi. Nilijua kwamba amejua. Nikamshukuru kwa moyo, nikampa mayai mawili, na akayachukua.

Mvua ikaanza katikati ya mwezi wa nne. Ilinyesha kama ilivyokuwa inanyesha zamani, wiki nzima bila kupumua, na kile kichaka chote kikateremka bwawani. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tuliyaacha yatulie ndani ya mtungi, tukayanywa.

Mama yake Gichuru alikuwa wa kwanza. Tulisema ni uzee. Wa pili alikuwa kijana wa kukata mbao, mwenye kifua kama mlango, na hapo hatukusema ni uzee. Jumatano wakafa watatu. Mzee Gathogo akatuma mtu mjini, kwa ofisi ya afya, akaombe dawa.

Huyo mtu alirudi jioni na maneno haya. Karani wa ofisi alikuwa mtu mzuri, alimpa hata kiti. Alifungua orodha. Dawa ya maji, chokaa, sindano na chupa za maji ya kutundika zilikuwa chache, na zilikuwa zimeshapakiwa kwa lori kwenda mashamba ambayo hayana vyoo, kwa sababu huko ndiko ugonjwa ungeua watu wengi. Hivyo ndivyo walipanga, na nani angepanga vingine? Akatafuta Kwa Kofia. Akaipata chini kabisa, na alama nzuri. Sitini na mbili kwa sitini na mbili. Katika orodha nzima hakuna shamba lilitushinda. Akamwambia mjumbe wetu kwamba kwa vyoo vile, haielekei kuwa kipindupindu, pengine tumekula mahindi yaliyooza.

Alhamisi asubuhi Mwihaki alikataa uji. Kufika saa tatu alikuwa ameharisha mara sita. Nilizoea harufu ya haja ya mtoto, na hii haikuwa na harufu ya mtoto. Ilikuwa maji meupe tu, yanatoka bila yeye kusukuma, kama mtu ameacha mfereji wazi. Nilimfunga mgongoni nikaanza kwenda mjini. Nilifika barabara ya Kiplombe. Pale nilisikia amekuwa mwepesi, na mgongo wangu wote umelowa, nikamteremsha chini ya ukuta wa duka. Ndipo nikamwona Kipngetich akija, kwa miguu, bila kofia. Alikuwa ameshasikia habari zetu.

"Chupa ziko wapi?" nikamwuliza.

"Zimeenda. Zote. Lori litarudi kesho."

"Waambie hatuna vyoo. Waambie nilidanganya."

"Nimeshawaambia," alisema. "Lakini, mama, sahihi ni yangu."

Alimbeba yeye mpaka bandani, akikimbia. Tukachemsha maji. Alikuwa na chumvi na sukari ndani ya karatasi, tukachanganya kwa kukisia, tukampa kwa kijiko. Alitapika. Tukampa tena. Macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mwanamke aliyefua nguo kutwa. Alisema, "Mami, nina kiu." Nikampa. Akasema tena. Hakusema kitu kingine siku hiyo ila hicho, na kila aliposema nilimpa, na kila nilipompa kilitoka.

Tukiwa hivyo, nilimwuliza Kipngetich kwa nini aliandika.

Alipuliza kijiko kipoe. "Mashamba kumi na moja," alisema. "Kwa miguu. Kila mahali wananicheka. Nikasema, hili moja liwe limekwisha."

Mwihaki alikufa saa tisa mchana, watoto wa shule wakipita nje wakiimba. Hapa sina mzaha.

Sheria ya Bwana Afya ni kwamba maiti ya ugonjwa huo izikwe siku hiyo hiyo, chini sana, na chokaa juu. Lakini Mzee Gathogo akaja na watu wawili wa kamati na kusimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Mjukuu wake alikuwa amefunikwa asubuhi hiyo.

"Mama Mwihaki, pole," alisema. "Pole sana. Lakini kaburi ni shimo."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Mti mtu anaweza kuukata," alisema, "kaburi hakuna atakayelihamisha. Watu wakizika kila mmoja mahali pake, shamba litakuwa limegawanywa na wafu. Kamati imekaa. Wote wanawekwa kwenye shimo la maramu, kule Kofia alikuwa anatoa udongo wa barabara. Liko tayari. Mjukuu wangu yuko kule, sikujipendelea."

Na ilikuwa kweli, hakujipendelea. Nilienda nikaliona hilo shimo. Maji ya mvua yalikuwa yamesimama ndani, na watu sita wamelala ndani ya maji kwa blanketi zao, mmoja juu ya mwingine. Mama yake Gichuru nilimjua kwa mguu. Nikageuka nikarudi bandani. Kipngetich alikuwa bado amekaa na Mwihaki, anafukuza nzi. Nikachukua jembe.

Kipngetich alisimama naye. Alivua shati la kaki, akalitundika kwa msumari, akatafuta sepetu. Tulichimba nyuma ya banda, kando ya ukuta, mahali ambapo mvua haikuwa inafika sana. Udongo wa Kwa Kofia ni mwekundu na mzuri, unachimbika kama keki. Ilituchukua muda mfupi tu. Tulipofika mabegani nilifikiria jambo hilo, jinsi udongo ulivyokuwa laini, na ilinibidi nisimame nishike ukingo. Lilikuwa shimo la kwanza Kipngetich kuona likichimbwa katika shamba letu.

Kamati ilikuwa imesimama juu na watu wengine nyuma yao. Hakuna aliyetuzuia. Mzee Gathogo alikuwa amekumbatia kile kitabu.

"Unajua sheria, mama," alisema.

"Naijua, mzee. Nilipiga makofi."

Alikata jina letu pale pale, amesimama. Sijawahi kumwita mtu mbaya. Angemwachia mmoja angewaachia wote, na panga zingetoka tena. Alilia akikata. Lakini alikata.

Lori lilikuja Ijumaa, likiwa na kila kitu. Tulidungwa sindano wote, kwa mstari, hata mimi. Chokaa ikamwagwa mpaka kichaka kikawa cheupe. Waliokufa walikuwa kumi na wawili, na hakuongezeka mwingine. Wiki iliyofuata kamati ilikaa tena na kukubali vyoo vichimbwe, kila boma kimoja, na kwamba havitahesabiwa kuwa dai la shamba. Iliandikwa kwa mistari miwili. Mistari miwili tu.

Johnstone alishuka kutoka Nyeri mwezi wa sita, na kamati ikamwandikia yeye sheya ya ndugu yake. Hakunifukuza. Aliniuliza tu, kwa heshima, kwamba nafikiria kuondoka lini. Nikaenda mjini, nikapata kazi ya kufagia soko. Kipngetich alihamishwa, wengine walisema Turkana, wengine walisema aliacha kazi mwenyewe. Sikumwona tena.

Mpima alikuja mwaka wa 1973. Johnstone alitoa nambari ya mwamba, akauza akarudi kwao. Mahali pa banda palimwangukia mtu mmoja wa reli ambaye hakuwahi kukaa shambani kabla ya kura, na bibi yake Hellen alikuwa mwalimu.

Nilikaa miaka miwili zaidi kabla ya kupata nguvu ya kwenda. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Banda lilikuwa limebomolewa, na mawe yake yamejengea nyumba nzuri ya mabati. Nilimwambia Hellen kwamba niliwahi kuishi shamba hili zamani, na kwamba napita tu. Alikuwa msichana mpole, na tumbo la kwanza. Alinipa chai, akanionyesha kabichi, akanionyesha sungura, halafu, kwa vile alikuwa mwalimu na anafundisha watoto mambo ya usafi, akanionyesha choo.

Kilikuwa cha matofali, na mfuniko, na bomba la kutoa harufu. Kilisimama mahali ambapo ukuta wa nyuma wa banda ulikuwa. Nilipajua kabla hajafungua mdomo.

"Fundi alipachagua mwenyewe, mama," aliniambia. "Anasema udongo wa pale ulikuwa mwepesi, kama umeshawahi kuchimbwa. Siku moja na nusu tu walimaliza. Walikuta vifupa kidogo wakavitupa. Walisema ni ndama wa mzungu."

Aliningoja niseme kitu.

"Ndiyo," nikasema. "Mzungu alikuwa na ndama wengi."

Alifurahi kusikia hivyo. Aling'oa kabichi mbili akanifungia kwa gazeti, na tulipofika njiani akakumbuka adabu ya mgeni.

"Mama, mjini ni mbali. Hutaki kujisaidia kabla hujaanza?"

Nilikuwa nimebanwa tangu Kiplombe.

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Sisikii haja."

Nikatembea hivyo hivyo, nimekaza mapaja, na kabichi kichwani, mpaka mjini.